Maelezo kwa Asiyeshika Jembe

Jina la kitendea kazi: rekebisha_stoo.
Kazi yake: kuongeza au kupunguza hesabu
ya vifaa vya bustani dukani kwa Bi Nyemo Malogo,
Nkuhungu, nyuma ya mashine ya kusaga.
Msomaji wake si mtu.
Nimeambiwa niandike kwa ufupi,
kwa wakala wa akili mnemba asiyelala,
asiyewahi kukung'uta mchanga kiatuni.

Hupokea vitu vitatu: bidhaa, idadi, sababu.

Bidhaa ni rahisi, nilidhani.
Mbegu, kwa gramu. Mpira wa kumwagilia, kwa mita.
Neti ya kivuli, kwa roli. Samadi,
hapo vidole vikagoma.
Samadi huja na mkokoteni kutoka Zuzu,
lumbesa, imevikwa kilemba cha kamba,
na gunia lilelile ni moja kwa anayekagua,
moja na nusu kwa anayenunua.
Nikaandika: kipimo ni kilo. Usiamini gunia.
Nikafuta "usiamini".
Nikairudisha.

Idadi: chanya huingia, hasi hutoka.
Hasi si kosa.
Desemba, wingu likishatanda juu ya Mlimwa,
mbegu za mchicha hutoka zote kabla ya adhuhuri
na hakuna aliyeibiwa.
Juni, upepo ukitundika mifuko mitupu kwenye miiba,
namba hukaa palepale wiki, wiki mbili.
Nayo si kosa.
Usibuni mauzo ili uonekane una kazi.

Onyo. (Liliongezwa baada ya tarehe tisa.)
Siku hiyo mtandao ulikatika katikati ya ombi.
Ndoo kumi na mbili zimeuzwa, alisema wakala.
Kimya. Akasema tena. Kimya. Akasema tena.
Kitabuni zikatoka thelathini na sita,
na rafuni Ndahani alizigusa moja moja kwa kidole,
akarudi akazigusa tena,
maana nani atabishana na kompyuta?
Alfajiri ya tatu fuso likapiga honi:
ndoo sitini kutoka Morogoro, agizo la dharura.
Zikajaa uani. Bi Nyemo akapita katikati yake
kimya, kama apitaye penye msiba wa jirani.
Basi: kila ombi libebe namba yake.
Kutojibiwa si ruhusa ya kurudia.
Uliza kwanza kilichobaki.

Sababu. Maneno yanayokubalika ni manne:
mauzo, mapokezi, kuharibika, kuhesabu upya.
Manne yalitosha, hadi jioni moja
simu ikamsomea Bi Nyemo taarifa ya mwezi:
biringanya, gramu mia tatu, zimeharibika.
Akaacha kufunga mlango.
"Mimi? Nimeharibu mbegu?"

Nilikaa naye siku mbili juu ya kigoda, nikiangalia.
Mtoto anakuja na mia tano ya kukunja.
Anapimiwa, mizani inatulia, bei imekwisha,
kisha mkono unarudi mtunguni peke yake,
unachota kidogo, unatia juu,
karatasi ya daftari inakunjwa.
Hausemi kitu, ule mkono.
Wakala huona upungufu usio na risiti,
hutafuta neno kati ya yale manne,
huchagua lililo karibu.
Hakukosea yeye. Niliyemnyima neno ni mimi.

Neno la tano: nyongeza.

Jaribio la kwanza, akaniuliza:
kiwango cha juu cha nyongeza ni kipi?
Nikampelekea mwenye duka swali.
Akafumbua kiganja, akanionyesha. "Hiki."
Nilipima mara kumi na moja.
Mara tatu gramu, mara nne, mara tano,
mara moja kumi na mbili (yule alikuwa mjamzito).
Nimeandika: hakuna kiwango. Pokea.

Mfano: rekebisha_stoo(biringanya, -4, nyongeza).
Jibu: sawa.

Toleo la tatu. Limehakikiwa na Ndahani, kwa kidole.
Ndoo bado zipo hamsini na moja.